Kadutu: mteremko wetu unakatwa parseli za kujengea na hakuna aliyetuuliza

Wandugu wa Bukavu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Ule mteremko wa miti ulio juu ya nyumba zetu, upande wa mto Kawa hapa Kadutu, umepimwa. Vigingi vimeshapigwa, kamba zimefungwa kwenye miti, na vijana waliokuja na vifaa vya kupima, mama mmoja muuza mboga alipowauliza wametumwa na nani, walimjibu tu: "Iko na mwenyewe." Mwenyewe gani? Tangu lini?

Tunasikia zinakuja nyumba za ghorofa za kupangisha, na ukuta kuzunguka eneo lote. Ukimuuliza chifu wa kartiye, yaani wa mtaa wetu, anasema karatasi zimetoka juu. Ukienda huko juu unaambiwa urudi kwa chifu wa kartiye.

Wanasema hapo pamekaa bure. Nani kasema? Aliyekulia mji huu anaujua udongo wetu. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, umekauka kiasi kwamba jembe linaruka. Mvua za Septemba zikianza unalowa, unavimba, unakuwa mzito na wa kuteleza. Pale palipochimbwa ili kupata tambarare ya kujengea, udongo wa juu hauna tena cha kuegemea, basi unashuka na kila kilicho juu yake. Tumeyaona Funu, hapa hapa Kadutu. Tumeona kuta zenye nyufa za kupitisha mkono, na tumezika watu walioangukiwa na nyumba usiku wa mvua. Kinachotushikilia sisi mpaka leo ni mizizi ya miti ile, pamoja na vetiva, nyasi za mizizi mirefu ambazo mama zetu walizipanda kwa mikono yao siku za salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Hakuna ofisi iliyotupa hata mche mmoja.

Sasa weka mabati juu ya mteremko wote. Mvua ambayo leo inaingia ardhini polepole itamwagika yote kwa pamoja, na hakuna aliyetuonyesha itapita mfereji gani. Itapita milangoni mwetu, halafu iende Kawa, ambayo tayari inafurika na kuingia kwa wanaokaa bondeni. Ongeza mashimo ya vyoo, maji machafu yakipenya mwaka mzima, hata kiangazi, wakati chini kabisa ya mteremko iko chemchemi tunayochota siku bomba likikauka. Siku hizo ni nyingi, na watoto wetu wanayanywa maji yale.

Kuna jambo jingine ambalo vijana huenda hawalikumbuki. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 liliupiga mji huu. Ardhi iliendelea kutikisika siku zilizofuata na watu wakaogopa kulala ndani. Walikimbilia wapi? Palipo wazi! Tunaishi kwenye bonde la ufa, tetemeko jingine litakuja. Nyumba za Kadutu zimebanana hivi kwamba moto ukiwaka gari la zimamoto halipati njia, tunabaki na ndoo. Kipande hiki nacho kikifungwa ukuta, mama mwenye mtoto mgongoni atapita wapi?

Najua kuna atakayeniambia watu wanahitaji nyumba. Ni kweli, na inaniuma. Bukavu imepokea watu wengi mno waliokimbia vita vijijini, wamerundikana kwa ndugu zao, familia mbili tatu chumba kimoja. Zingekuwa nyumba zao, maneno yangu yangekuwa mengine, ingawa bado ningeomba zijengwe mahali pasipowaua. Lakini ni mkimbizi gani kutoka kijijini Bunyakiri atakayetoa garanti, ile amana ya kupanga, ya ghorofa kwa dola? Msitumie shida zao kufunika biashara ya mtu mmoja.

Na msituambie kwamba ardhi ni mali ya Serikali basi tunyamaze. Sheria ya ardhi ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema hivyo, ndiyo. Lakini sheria ya mazingira, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inadai mradi kama huu ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari zake, na wananchi wasikilizwe kabla ya kazi kuanza. Katiba yenyewe, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na inamwekea wajibu wa kuyatetea. Wajibu! Anayetuita wakorofi akisome kwanza kifungu hicho.

Kama uchunguzi huo upo, ubandikwe mlangoni pa ofisi ya komini yetu ya Kadutu tuusome. Kama haupo, vigingi ving'olewe na wale wale waliovipiga, na asikatwe mti hata mmoja.

Jumamosi hii, salongo ikiisha, tunakutana penye chemchemi. Mwenye picha za zamani za mteremko aje nazo. Mwenye nyumba iliyopasuka aipige picha, aandike ni mvua ya mwezi gani. Papa na mama wenye parseli watie sahihi barua ya madai haya, wapangaji pia, ninyi ndio mnaolala kwenye vyumba vya nyuma vilivyogusana na udongo. Nakala moja ya barua hiyo itakwenda komini, nyingine kwa meya, na tutasubiri pale pale mpaka zote mbili zigongwe mhuri wa kupokelewa.