Mrejesho: linki ya grafu sasa inafunguka
Wakuu nimerudi. Juzi niliuliza kwa nini nikiwatumia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Dodoma linki ya grafu ya Desmos (kalkuleta ya mtandaoni ya kuchora grafu) wanakuta viboksi vitupu bila mchoro. Kumbe nilikuwa nakopi ile anwani ya juu kabla sijasevu, na hiyo inampeleka mtu kwenye kalkuleta tu. Uliyeniambia niingie kwenye akaunti, nisevu, halafu nibonyeze alama ya kushea ndo nichukue linki, Mungu akubariki sana, sasa anwani inakuja na kamkia ka herufi na namba mwishoni na kila mtu anaona grafu yenyewe.

Jana jioni nikawawekea y = ax² + bx + c yenye vitelezi (vile vya kuburuta ili kubadilisha namba za a, b na c), dogo mmoja wa Nkuhungu kaburuta a mpaka ikawa hasi, akatuma voisi, "ticha, bakuli limepinduka!" Yaani nilifurahi mno, maana ubaoni hilo la a ikiwa hasi mchoro unageuka juu chini huwa wanakariri tu.

Angalizo: ukibadilisha grafu baada ya kutuma, linki ya mwanzo inabaki na mchoro wa zamani, itabidi ushee upya.