Rilei inalia "tik" lakini taa haziwaki

Pikapu_12V
Wakuu, habari. Spotilaiti mbili za wati 55 kwenye pikapu ya volti 12, rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya miguu mitano. Mguu wa 30 umetoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, 86 kwenye swichi, 85 eathi, 87 taa. Ziliwaka vizuri, kisha zikaanza kufifia, na siku za mwisho rilei ilikuwa ikilia "tatatata". Sasa inalia "tik" moja tu, taa kimya. Nikihamishia waya wa taa kwenye 87a zinawaka, na nikibonyeza swichi zinazimika. Koili (waya uliozungushwa ndani ya rilei) imekufa?

FundiRewaya
Koili ni nzima. Umeme ukipita 86 hadi 85, koili inageuka sumaku na kuvuta mkono wa chuma. Mkono huo umeungwa na 30: ukiwa umelala springi inaushikiza kwenye 87a, ukivutwa unahamia 87. Taa zinazimika ukibonyeza, maana yake mkono unahama. Na zinawaka kwenye 87a, kwa hiyo betri, fyuzi na eathi ya taa viko sawa. Kilichobaki ni kontakti ya 87 (ncha ambayo mkono unagusa) au tundu lake kwenye soketi inayochomekwa rilei.

Rudisha waya wa taa kwenye 87, chomoa rilei, unga tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, kontakti imeungua, nunua rilei nyingine. Usiifungue kusugua kwa msasa. Unaondoa madini ya fedha na itaungua tena haraka. Zisipowaka, tundu limelegea au waya umekatika.

Mwanga_Tele
Ukibadilisha rilei bila kutibu ile "tatatata", mpya nayo itaungua. Taa hizo zinakula kama ampea 9 tu, rilei ya ampea 30 haishindwi. Lakini nyuzi za ndani ya taa zikiwa baridi huvuta mara kadhaa zaidi kwa kitambo kidogo, na kila mkono unapodunda cheche inaruka palepale.

Mdundo huo kwa kawaida ni volti haba kwenye koili. Weka mita 85 na 86 swichi ikiwa imewashwa: inatakiwa iwe karibu sawa na betri. Ikishuka kwenye 8 hivi, sumaku inaweza kukosa nguvu ya kuvuta mkono imara. Eathi ya 85 umeifunga wapi?

Pikapu_12V
Bolti ya bodi, juu ya rangi. Mita inasoma 7.6. Nilipounga 30 na 87 taa ziliwaka.

Mwanga_Tele
Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Rilei mpya ikishafungwa, pima 30 na 87 taa zikiwaka: ikizidi volti 0.2, soketi nayo ibadilishwe.

FundiRewaya
Ongeza dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) kati ya 85 na 86, mstari wake uelekee 86. Koili ikikatwa hurudisha volti nyingi zinazokula swichi. Ukiigeuza ni shoti, basi hakikisha na waya wa swichi una fyuzi yake.