Vituo vya nishati katika tai chi: vipo, au ni mkao na pumzi tu?

FundiSaa: Wadau, nina miezi mitatu kwenye tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu. Mwalimu anasisitiza: legeza magoti, shusha mabega, nyoosha kiuno, pumzi iteremke hadi dantian, vidole vitatu chini ya kitovu. Uzito ukitua vizuri, eti kituo cha nishati cha Yongquan, kwenye unyayo, kinafunguka na nishati inapanda. Mgongo wangu umepata nafuu, sikatai. Ila ni nishati, au mkao na pumzi?

Kombo58: Ni nishati. Jina lenyewe linakwambia: chi. Wachina wamefanya haya maelfu ya miaka, leo tunadai vipimo vya maabara.

Mwana_Henan: Shikamoo mzee Kombo, lakini hapo umeteleza. Nimesoma Zhengzhou, China, miaka minne. Chi ya kwenye tai chi ni ji, yaani upeo. Nishati ni qi, herufi nyingine, hata matamshi mengine. Na hayo maelfu ya miaka umeyatoa wapi? Ukoo wa Chen, wanaotajwa kuwa waanzilishi wa tai chi, kijijini kwao Chenjiagou wanahesabu tangu karne ya 17.

Kombo58: Marahaba. Nilianza kusimama mkao wa kukumbatia mti kabla hujazaliwa. Kiganja kinapata joto katikati, penye kituo cha Laogong. Joto hilo nalo ni herufi?

Mwana_Henan: Umri wangu umeujuaje? Nimesahihisha neno, sijakutukana.

MamaNuru: Joto ni la kweli, mzee wangu. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo hospitalini. Mwili ukilegea na pumzi ikienda taratibu, mishipa midogo ya damu mikononi hutanuka. Kuna utafiti wa Marekani wa 2012, wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka: waliofanya tai chi walisimama imara kuliko wenzao wa mazoezi ya kunyoosha viungo. Na kuhusu vituo, Wajerumani walijaribu tiba ya sindano ya Kichina, ile inayochoma kwenye vituo vya nishati, kwa watu zaidi ya elfu wenye maumivu ya mgongo. Waliochomwa kwenye vituo na waliochomwa pembeni walipata nafuu karibu sawa.

Mtoro: Na makundi yote mawili yakawapita mbali waliopewa tiba ya kawaida! Hilo mbona umeliruka?

Kombo58: Kijana wa Zhengzhou, mwalimu wako huko alikufundisha kusimama, au kuandika tu?

Mwana_Henan: Kusimama, kila alfajiri, kwenye baridi ambayo wewe hujaiona.

FundiSaa: Jamani, nimeuliza unyayo.

MamaNuru: Fundi, vua viatu. Uzito usibaki kisiginoni, uutandaze hadi nyuma ya vidole, pale kwenye kishimo. Mimi nikimwambia mgonjwa akaze msuli fulani, anakakamaa mwili mzima. Nikimwambia ashushe pumzi chini ya kitovu, kiuno kinajiweka chenyewe. Kwa hiyo majina hayo nayatumia kila siku.

Kombo58: Basi umekiri vipo.

MamaNuru: Nimesema vinafundisha, mzee. Sijasema vipo.

Kombo58: Kisichokuwepo kinafundishaje?