Grupu: Wajukuu wa Bibi Mosi

[19:42] Da Rehema: Jamani habari za jioni. Jana niliandika, mmesoma watu 19 hakuna aliyejibu. Narudia. Tunu kaacha kazi tangu Idi atoke hospitali, huu mwezi wa 11 anamuuguza. Leo tusilale hatujakubaliana kila mtu anachanga ngapi ili kila mwisho wa mwezi ALIPWE. Sio ya sabuni, mshahara

[19:55] Shaka: Da Rehema na mimi nakaa na shemeji yako mwaka wa 9 sijaona senti, niingizeni kwenye hiyo payroo 😂

[19:56] Zaina: 😂😂 anasoma hapa mwenyewe

[19:58] Da Rehema: Shaka sio leo. Mimi nimelala pale siku mbili nimeona. Anamgeuza kila baada ya saa 2 usiku na mchana la sivyo vidonda vinaanza, pale kwenye mfupa juu ya makalio na kwenye visigino. Kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi hesabuni wenyewe anaamka mara ngapi. Anamvuta kwa shuka la chini, goti moja kaliegemeza kwenye kitanda, huku anaangalia ule mpira wa mkojo usibanwe. Nilimsaidia mara moja tu mgongo uliniuma siku tatu

[20:11] Sele: Kuchanga sawa. Ila wengine tulimuuguza Mama miaka 4 hakuna aliyetaja mshahara. Na ya kiwanja mnayajua

[20:12] Da Rehema: Ya kiwanja yaliisha Sele

[20:12] Sele: Yaliisha kwako

[20:15] Zaina: Ujumbe huu umefutwa

[20:40] Mwajabu: Samahani ndo natoka zamu. Huku Ujerumani tangu 1995 kuna bima ya matunzo, wanakuja kumpima mtu anahitaji msaada kiasi gani, halafu hela anapewa mwenyewe anayehudumiwa, yeye ndo anampa ndugu anayemsaidia. Na huyo ndugu akifika saa 10 kwa wiki anaweza kuchangiwa hata pensheni ya uzeeni, akitaka kupumzika bima inalipia wa kumshikia. Kwa hiyo Sele hakuna aibu, hata serikali inaihesabu ni kazi

[20:44] Sele: Sisi hiyo bima tunayo?

[20:45] Da Rehema: Sisi bima ni nyie

[21:03] Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Neno mshahara sikulipenda, damu hailipwi. Lakini nauliza. Tunu mgongo ukikatika, nani kati yenu anahamia pale? Nataka majina.

[21:37] Zaina: 🙏🏾

[21:50] Shaka: Shikamoo Baba Mkubwa. Mimi Jumapili naweza kukaa nae. Mchana

[21:51] Da Rehema: Jumapili ipi

[01:58] Idi: Tunu ananiandikia haya. Mimi nimo humu grupuni tangu Mama yuko hai, mnachangishana juu yangu kama maiti. Hela ipite kwangu kama alivyosema Mwajabu, nimlipe mdogo wangu mwenyewe kwa tarehe tunayoelewana mimi na yeye. Na apate siku ya kulala. Jana amesinzia kijiko kiko mdomoni kwangu, nikakaa kimya nisimwamshe. Kaka Sele, Mama ulimuuguza vizuri, nililiona, ilitakiwa tukulipe

[02:04] Tunu: Nimeandika alivyosema. Langu nitasema kesho, sasa namgeuza

[06:31] Da Rehema: Idi nisamehe ndugu yangu. Wengine andikeni majina hapa chini. 1. Rehema

[06:50] Mwajabu: 2. Mwajabu

[07:15] Sele: Idi nimekusikia. Nitachanga. Kiwanja tutakaa tukiongee

[08:02] Shaka: Jumapili hii nimebanwa, ijayo. Ila Tunu mwenyewe anataka ngapi? Maana hajasema

[08:03] Da Rehema: @Tunu

[12:26] Da Rehema: @Tunu mdogo wangu sema usione haya. Na 3 nani?