Naomba ushauri: hita ya 2,000 W inatoa 1,580 W tu

Habari wakuu. Hita ya maji imeandikwa 230 V, 2,000 W, yaani ukinzani uwe kama 26.5 Ω. Ikiwa baridi inasoma 26.6, kwa hiyo koili sina shaka nayo. Shida ni hii: soketi ina 232 V, ila hita ikiwaka zinashuka hadi 205 V, mkondo 7.7 A. Zile 27 V zilizopotea ÷ 7.7 = 3.5 Ω kwenye njia! Waya ni 1.5 mm², mita 40 kutoka meni swichi. Kwenda na kurudi, ukinzani wa waya wenyewe haufiki hata 1 Ω. Zinazobaki 2.5 Ω zinachoma karibu 150 W mahali fulani, na hiyo ndiyo inayonitisha. Soketi nimebadilisha, plagi nimekaza, hali ileile.

Je, nikipima volti kwenye meni hita ikiwaka, zikishuka kiasi gani nijue tatizo ni laini ya nje? Na nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyolegea ndani ya boksi la maungio naibainishaje bila kubomoa ukuta?