Kubadili jina la barabara kubwa ya mtaa Arusha: nani anaidhinisha, na namba za nyumba zinakuwaje?

Sakina_Juu:
Wakuu, kuna hoja ya kuipa jina jipya barabara kubwa ya huku kwetu. Inapita mitaa mitatu, kata mbili, na vibao vya anwani za makazi vya 2022 vipo tayari. Ombi linaanzia wapi? Hati za viwanja zitaguswa?

Mpimaji_Themi:
Kwanza jueni barabara ni ya nani. Ikiwa chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), mambo mengi yanaishia halmashauri. Ikiwa ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), washirikisheni tangu mwanzo, maana hakuna nguzo inayosimikwa kwenye hifadhi ya barabara yao bila wao kujua.

Pendekezo huanzia mkutano mkuu wa mtaa, linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha baraza la madiwani. Kwenu ina maana mihtasari mitatu yenye mahudhurio na saini, na hapo ndipo watu hukwama. Mtaa mmoja unaandika "Mwl. Nyerere", wa pili "J. K. Nyerere", wa tatu "Nyerere" tu. Kwenye mfumo wa anwani hizo zinasomeka barabara tatu. Kubalianeni herufi kwa herufi kabla ya mkutano wa kwanza, na ambatanisheni mchoro unaoonyesha makutano inapoanzia na inapoishia. Hakikisheni pia jina halijatumika kwingine jijini. Sokoine na Nyerere zipo tayari, msihangaike nazo.

Kuhusu namba: witiri kushoto, shufwa kulia, kuhesabu kuanzia mwanzo wa barabara. Mkibadili jina bila kugusa mwanzo na mwisho, namba zinabaki, ni vibao tu vinavyobadilika. Mkiunganisha vipande viwili vilivyokuwa na majina tofauti, mtapata nyumba mbili zenye namba 14 kwenye barabara moja, na kipande cha pili kitahesabiwa upya chote. Gharama kubwa iko hapo.

karani_wa_viwanja:
Hati haiguswi. Inataja namba ya kiwanja na kitalu, si barabara. Postikodi nayo inafuata kata (Arusha huanza na 23), na barua zinakwenda S.L.P. kama kawaida. Wenye maduka ndio wenye kazi: leseni ya biashara, taarifa za TIN kule TRA, anwani inayochapishwa kwenye risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na BRELA, wasajili wa kampuni, kwa wenye kampuni.

Ramani_za_Kale:
Kupitishwa na madiwani ni jambo moja, kukubalika mdomoni ni jingine. Barabara ya Samora pale Dar ilianza Unter den Akazien enzi za Wajerumani, ikawa Acacia Avenue kwa Waingereza, ikaja Independence Avenue, ndipo Samora. Hiyo imeshika. Pugu Road kuwa Nyerere nayo imeshika. Ocean Road iliitwa Barack Obama mwaka 2013, lakini hospitali ya saratani iliyopo hapo bado ni Ocean Road, basi jina la zamani haliondoki ng'o.

Arusha yenyewe ina tabaka zote. Boma Road inafuata boma la Wajerumani, Sokoine ni ya Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali 1984, na Col. Middleton yupo palepale hadi leo, sijui kwa nini hakuna anayemgusa. Old Moshi Road nayo huwapoteza wageni wanaodhani inaelekea Old Moshi ya Kilimanjaro, kumbe ni njia ya zamani ya kwenda Moshi.

Ushauri wangu: msiguse majina ya vituo. Konda wa kifodi (daladala) hataji barabara, anataja kituo. Abiria akishuka palepale alipozoea, ugomvi unapungua nusu.

Sakina_Juu:
Shukrani wakuu. Vibao vya zamani ving'olewe siku ileile?

Mpimaji_Themi:
Hapana. Jina jipya kwa herufi kubwa, la zamani dogo chini yake, viachwe hivyo kwa muda. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayohaririwa na yeyote, msilifute la zamani, lihamishieni sehemu yake ya jina la awali, anayelitafuta bado ataipata barabara. Na kibao kiwekwe kila makutano, si mwanzoni na mwishoni tu.