Naombeni ushauri: niingie mauzo ya mtaani au nikauze mchele wa mjomba?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nipo Uyole, Mbeya, nimemaliza shahada ya masoko mwaka jana. Baada ya kuzungusha bahasha miezi mingi, wiki hii nimepata mawili kwa mpigo.

Msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula ananitaka afisa mauzo: kupita na gari Mwanjelwa, Kabwe mpaka Mbalizi, kuchukua oda na kukusanya madeni. Mshahara mdogo, kamisheni ukifikisha tageti. Mjomba naye ana mashine ya kukoboa Igurusi, amechoka kuuzia madalali magunia. Anataka nimtafutie soko la mchele wa kufungasha, malipo ni sehemu ya faida.

Ndoto yangu ni kuwa meneja wa chapa, yule anayesimamia jina la bidhaa sokoni. Niliosoma nao wanasema nikianza na sabuni nitazeekea kwenye sabuni. Mama anataka nimsaidie kaka yake. Natakiwa kujibu Jumatatu.

Mzee wa Soweto: Mwanangu, panda gari. Mimi nilianzia njia ya Tukuyu na Kyela. Ofisi Dar walikuwa wanaongeza matangazo ya redio, mzigo hautoki. Siku moja mwenye duka Tukuyu akaniita nyuma ya kaunta: miche yetu ya sabuni ilikuwa chini kabisa, nyuma ya ndoo ya sukari, kwa sababu mshindani alimkopesha wiki mbili na sisi tulitaka keshi. Tena wateja wake walinunua kipande, si mche mzima. Niliandika yote kwenye daftari. Daftari hilo ndilo lililonitoa kwenye mauzo likanipeleka masoko. Darasani mlifundishwa bidhaa, bei, mahali na matangazo. Hapo "mahali" palikuwa futi moja kutoka sakafuni. Andika kila siku.

Kamwene_Ipogolo: Kamwene dada. Naunga mkono, ila uliza kabla ya kusaini: duka likifunga na deni, shoti (pesa iliyopungua) analipa nani? Mimi sikuuliza, nilikatwa mshahara miezi mitatu. Uliza pia kamisheni inahesabiwa kwa mzigo uliotoka au pesa iliyoingia. Iwe kwenye maandishi.

MamaMpunga: Mimi napingana na kaka zangu. Kwa mjomba utaijenga chapa kuanzia jina mpaka mfuko, na hicho ndicho unachokitaka. Nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakuelekeze ufungashaji, fuatilia alama ya TBS (shirika la viwango), na ukitaka supamaketi chukua msimbo pau, ile mistari ya kuskani (wa Tanzania unaanza na 620). Anza na mama ntilie: mpe kilo moja apike, urudi mchana uone sahani zimerudi vipi. Mchele ukiwa na mawe, usimpelekee mtu. Na tafadhali usiandike "Kyela" wakati mpunga umetoka Igurusi. Usangu, bonde ilipo Igurusi, ina jina lake, na mteja akigundua harudi.

Muuliza swali: Ndaga fijo (asanteni sana)! Nimempigia msambazaji. Kamisheni ni kwa pesa iliyoingia. La shoti amekubali kuandika kwamba silipi deni aliloidhinisha msimamizi. Nitaanza kwake. Mjomba kasema tuanze na mifuko 40 ya kilo tano, niwe naipeleka Jumapili.

Mzee wa Soweto: Vizuri sana. Ila mchele wa mjomba usipande gari la mwajiri hata siku moja, na mwambie mapema kwamba unao.

Muuliza swali: Nitamwambia Jumatatu hiyohiyo, baba.